Naombeni ushauri: ukoo wa baba unaniita Rombo Krismasi, niende?

MpwaniWaTanga: Wakuu habarini. Mama Mdigo wa Tanga, marehemu baba Mchaga wa Rombo. Nimelelewa Tanga, ni Muislamu, Kirombo sijui hata salamu. Baba wadogo wamepiga simu, Krismasi ukoo unakaa, kihamba (shamba la migomba la ukoo) kinagawiwa, na mimi kitindamimba nyumba ya baba ni yangu. Nina wasiwasi. Niende?

MamaKija: Nenda mwanangu, damu haipotei. Mimi Msukuma nimeolewa Kibosho. Mwanzoni nikiingia jikoni wanageukia Kichaga. Leo mtori wa sikukuu naupika mimi.

AbuuSalim: Waambie mapema wamwite Muislamu achinje. Mbege, ile pombe ya ndizi, ipishe.

Kisu_Kikali: Mtu haogopi kupewa nyumba. Sema kinachokutisha.

MpwaniWaTanga: Sawa. Kuna mtu nimeshachukua kwake nusu ya hela ya sehemu yangu. Mama alilazwa, deni lilitubana. Msinihukumu. Mimi mtu wa pwani, migomba nitaifanyia nini?

MangiMdogo: Kihamba unauza?! Baba yako kazikwa wapi?

MpwaniWaTanga: Humohumo.

Wakili_Bush: Umeuza usichopewa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, haki ya kimila haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Mnunuzi hana ardhi, wewe una deni la pili.

Kisu_Kikali: Chai hii. Ukoo usiokulea ukupigie simu ukupe nyumba? Na juzi humuhumu ulikuwa unatafuta kiwanja Kigamboni.

MpwaniWaTanga: Kiwanja ni cha shemeji. Siku ya mazishi shangazi alinishika mkono, akanionyesha pembeni ya kaburi palipong'olewa migomba miwili, udongo bado mbichi. Akasema, "Hapa tumekuachia wewe." Hilo nalitungaje? Na mimi nataka kuzikwa Tanga, kwa mama. Sikuweza kumjibu.

MamaKija: Jamani. Muacheni mtoto wa watu.

MangiMdogo: Huyu hatungi. Mdogo wangu, rudisha hela kwanza. Halafu shika jani la sale, uende kwa baba yako mdogo ukaombe msamaha kabla majirani hawajamfikishia.

MpwaniWaTanga: Mnunuzi ndiye jirani.

MangiMdogo: Basi wameshajua. Ndiyo maana wamekuita.