Wakuu naombeni ushauri: nikariri mchezo wote wa sataranji wa Morphy au ufunguzi tu?

KitundaPekee: Habari wakuu. Kuna mechi inaninyima usingizi. Wiki mbili nasoma ule mchezo wa Morphy, bingwa wa zamani wa sataranji, wa 1858, aliocheza kwenye jumba la opera Paris na mtemi wa Brunswick na mwenzake Isouard. Hatua 17, chekimeti. Nikariri zote au niishie kwenye ufunguzi?

FarasiKilema: Kukariri achana nako. Mimi niliumeza mzima, siku ya siku nasogeza kitunda mraba wa e4, jamaa anajibu c5, siyo e5 niliyoikariri. Nilibaki naukodolea ubao kama nimefumaniwa.

Bi Ngome: Unashika nyeupe au nyeusi?

KitundaPekee: Tuanze na ufunguzi kwanza dada.

Bi Ngome: Nyeupe au nyeusi?

KitundaPekee: Nyeusi.

Mzembe wa Saa: 😂😂 Yaani wiki mbili unasomea kupigwa! Wenzako wenye nyeusi walikuwa wawili dhidi ya Morphy, wanashauriana, na bado wakala kichapo.

KitundaPekee: Philidor, ule ufunguzi waliotumia wenye nyeusi, nimeshaizoea, siachi. Na askofu g4 hatua ya tatu naipenda, anambana farasi. Mengine nitarekebisha mbele.

Bi Ngome: Mbele ipi? Akila kitunda chako cha e5 ukamla papo hapo, anakula malkia, mfalme wako anamla, na farasi uliyedhani umembana anachukua e5 bure. Ndiyo maana wale ilibidi wamtoe askofu kwa farasi. Hatua ya tatu kula d4, au toa farasi f6. Philidor haina kosa, kosa ni huyo askofu.

Mzee wa Miisho: Vijana na njia za mkato. Sisi tulianza na mfalme na kitunda kimoja, miezi.

KitundaPekee: Sawa mzee, shikamoo. Sasa malkia wake yuko b3, farasi c3, askofu wake ameshafika g5. Malkia wangu e7, kitunda c6. Najua b5 ndiyo iliyowamaliza wale, Morphy alitoa farasi wake kafara. Nicheze nini?

FarasiKilema: Shikamoo umpe mzee, mimi nanusa chai. "Ameshafika"? Mechi si bado?

Mzembe wa Saa: Chai yenye tangawizi. Huyu yuko mchezoni, simu chini ya meza.

KitundaPekee: Nimeteleza kuandika tu, wakuu. Nasoma. Ila jibuni upesi, zimebaki dakika nne.

Bi Ngome: Za kusoma?