Dishi, dekoda ya antena au faiba? Ushauri wa tivii ya hoteli Kondele na ya mama kule Vihiga

ChapatiNaOmena
Wadau, habari za jioni. Nina hoteli ndogo hapa Kondele, Kisumu, tivii moja ukutani. Natumia dekoda ya antena. Mwezi nikiwa na pesa nalipia, mwezi mwingine naacha wateja waangalie stesheni za bure. Watu wa mchana wanataka habari za saa saba, wa jioni wanataka mpira, na wa jioni ndio wanaokula sana. Sasa ploti jirani wameingiziwa faiba na kijana wa mauzo ananishika mkono kila siku: "Tupa dekoda, mambo yote siku hizi ni intaneti." Pia kuna mama nyumbani Vihiga. Yeye haja yake ni habari za saa moja na vipindi vya Kiswahili, mpira hautaki hata kuusikia.

Waliojaribu hizi zote, pesa yangu iende wapi?

FundiDishi_Kakamega
Tuanze na mama maana huyo ni rahisi. Usimnunulie dekoda kabla hujaangalia tivii yake. Ingia kwenye menyu ya kutafuta chaneli. Ukiona DVB-T2, mfumo wa dijitali tunaotumia Kenya sasa, chomeka antena moja kwa moja, kazi imeisha, hakuna kulipia mwezi. Ukiona DVB-T tupu bila hiyo 2, hapo ndipo dekoda inahitajika. Wengi hawajui tofauti. Serikali ilipozindua matangazo ya dijitali Desemba 2009 yalikuja kwa mfumo wa DVB-T, baadaye nchi ikahamia T2, na waliokimbilia vile visanduku vya kwanza wakabaki navyo kabatini.

Shida ya Vihiga ni mawe na mabonde. Nimefunga antena Maragoli ambapo jirani wa juu anapata chaneli zote na huyu wa chini, hatua chache tu, hapati hata moja. Dijitali haina zile chenga za zamani ambazo ungepiga tivii kofi ikatulia. Ama picha ipo, ama hakuna. Kwa hivyo pesa weka kwenye bomba refu na antena ya nje, si kwenye dekoda ghali. Na mwambie mama mvua ya alasiri ikianza kunguruma achomoe waya wa antena, si ule wa stima peke yake. Tivii zinazoletwa kwangu baada ya radi, nyingi zimeungulia hapo kwenye antena.

MpangajiMilimani
Mimi ni wa faiba na sirudi nyuma. Watoto wana katuni zao, mzee ana habari zake kwenye YouTube, na hakuna dishi la kuanguka upepo ukivuma. Lakini mpira, dada, usidanganywe. Mpira halali unalipiwa hata ukija kwa intaneti. Zile linki za bure ambazo vijana hutumiana zinaganda dakika ile ile ya penalti. Halafu kuna kuchelewa: mechi kubwa ikichezwa nasikia mtaa mzima umepiga kelele, mimi kwangu mpira bado uko katikati ya uwanja. Hotelini kwako hiyo itakuwa aibu. Wateja watahamia kwa jirani mwenye dishi kabla ya nusu ya kwanza kuisha.

RejaReja_Njoro
Nyinyi mnalinganisha vifaa. Linganisheni haki za matangazo, hapo ndipo pesa zetu zinapotelea. Mfuatilie Ligi Kuu yetu tu: SuperSport ya DStv walijiondoa 2017. StarTimes wakaingia 2020 kwa mkataba wa miaka saba, haukufika mbali. Baadaye Azam. Shabiki wa Gor Mahia aliyeamua kufuata timu yake kihalali angekuwa sasa na visanduku vitatu juu ya meza na rimoti tatu anazozitafuta chini ya kiti. Mechi zinahama, dekoda haihami nazo.

Na hawa wakubwa wenyewe hawajatulia. MultiChoice, wenye DStv na GOtv, walipoteza wateja milioni 1.2 kote Afrika katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, na kabla ya 2025 kwisha Canal+ ya Ufaransa ikawa imewanunua. Mimi singefunga mkataba mrefu na mtu yeyote saa hizi. Lipa mwezi kwa mwezi.

Jambo lingine ambalo kijana wa mauzo hatakuambia: akaunti ya nyumbani si ya hoteli. Ukiweka mpira wa kulipia mbele ya wateja, kuna kifurushi cha biashara, bei yake ni nyingine kabisa. Na watu wa leseni za muziki watapita, tivii au redio ikiwa inalia dukani kwako wanakuhesabu. Mwenzangu mmoja hapa alibebewa tivii.

ChapatiNaOmena
@RejaReja_Njoro hiyo ya kifurushi cha biashara imeniuma. Sikuwa hata nimeifikiria.

MwalimuKimilili
Naomba nipingane kidogo na kila mtu. Swali langu mimi ni moja: swichi iko mkononi mwa nani?

Februari 2015 mtambo wa analogi ulipozimwa, Citizen, NTV, KTN na QTV zilikaa karibu wiki tatu bila kuonekana. Ugomvi haukuwa wa picha. Wenye stesheni hawakutaka matangazo yao yarushwe na kampuni za mitambo, Signet ya KBC wala PANG ya Wachina; walitaka mitambo yao wenyewe, na ndipo kampuni yao ya ADN ikasimama. Januari 30, 2018, siku ya kiapo cha Raila Odinga kama "rais wa wananchi" pale Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zikazimwa tena. Citizen ilikaa gizani zaidi ya wiki moja. Watu wa Kisumu hamhitaji kukumbushwa hiyo. Juni 25, 2025, siku ya maandamano, Mamlaka ya Mawasiliano ikaamuru matangazo ya moja kwa moja yakome, mawimbi yakakatwa hadi mahakama ikaingilia.

Siku hizo mwenye antena alibaki kutazama skrini nyeusi. Mwenye intaneti alifungua YouTube akaendelea na stesheni ile ile, mtangazaji yule yule. Kwa hivyo yule kijana wa faiba ana hoja, ingawa si ile anayoiuza.

FundiDishi_Kakamega
Mwalimu, hoja nzuri, lakini mama wa Vihiga atafungua YouTube kwa bando la nani? Antena ikishafungwa ni bure mpaka ipate kutu. Intaneti ni kila mwezi.

MwalimuKimilili
Sikusema mama. Mama apewe antena, hapo tuko pamoja. Nasema hoteli. Siku nchi ina joto ndiyo siku watu hawataki kukaa nyumbani peke yao. Wanatafuta mahali pana tivii na chai.

MpakaniBusia
Huku kwetu antena inanasa hadi stesheni za Uganda bila kuombwa. Hakuna anayelipia chochote na hakuna anayelalamika. 😄

MpangajiMilimani
Niongeze: faiba bila stima ni waya tu. Tokeni ikiisha au laini ikikatika, ruta inalala na tivii inalala. Tafuta kabetri kadogo ka ruta, wanauza mjini. Na usikubali kulipa miezi sita mbele. Kampuni moja, siitaji, ilichukua yangu kisha ikawa kila nikipiga simu naambiwa fundi yuko njiani.

ChapatiNaOmena
Asanteni sana. Nimekaa na kalamu. Mama: antena ya nje na bomba, basi. Hoteli: dekoda ya antena haiondoki, maana habari za saa saba zinakuja bure na hazigandi. Faiba nitaichukua ile ya bei ya chini kwa mwezi mmoja nione, wateja pia wanapenda waifai wakingoja samaki. Mpira wa kulipia naweka kando mpaka niulize bei ya biashara. Ikizidi faida ya chapati za jioni, wakaangalie kwa jirani warudi kula kwangu.

Bado kitu kimoja, fundi. Nimeonyeshwa antena ya ndani hapa mjini, ile bapa ya kubandika dirishani, muuzaji anaapa inafika Vihiga. Kweli?

FundiDishi_Kakamega
Nyumba ya mabati?

ChapatiNaOmena
Mabati juu, tofali pembeni.

FundiDishi_Kakamega
Acha kabisa. Mabati yanaziba mawimbi, na huko mabondeni huna ya kupoteza. Chukua ile ya mbavu, ya UHF, pamoja na waya mzito wa shaba, usikubali ule mwembamba unaopinda kama kamba ya kiatu. Kabla ya kuchimba shimo la bomba, muulize jirani mwenye picha safi antena yake inaangalia wapi, yako iangalie huko huko. Ukikwama nitumie picha ya paa kwenye ujumbe wa faragha, Jumamosi nina kazi Luanda.