Nyumba ya zamani Chumbageni au mpya Kange: kwa mabomba, ipi afadhali?

Mwambao77: Wakuu wa Tanga, habari za humu. Nimeonyeshwa nyumba mbili, bei hazipishani sana. Moja ipo Chumbageni, ya zamani, mabomba ya chuma yamepita nje ya ukuta. Nyingine Kange, imemalizwa juzijuzi, mabomba yamefukiwa ukutani, tailizi mpaka juu. Dalali anaisifia ya Kange utadhani kajenga yeye. Kwa upande wa maji tu mngechukua ipi, na nikague nini kabla sijatoa hata advansi?

FundiKoki: Mkuu, ya Chumbageni ugonjwa wake unaonekana. Upepo wetu wa chumvi unakula chuma kwa nje, ila kinachomaliza kazi ni kutu ya ndani, tundu linazidi kuwa dogo. Nenda alfajiri kabla hawajatumia maji, kinga ya kwanza kwenye beseni jeupe. Yakianza mekundu kisha yakasafika, kutu hiyo. Halafu fungulia sinki na bafu kwa pamoja, uone kama bafu litanyong'onyea. Gharama inahesabika: unang'oa, unaweka PPR, yale mabomba ya plastiki. Sasa ya Kange nani anajua nyuma ya tailizi kuna nini? PPR inaungwa kwa moto. Fundi akizidisha, plastiki inayeyukia ndani na kubana njia.

BintiSahare: Kaka, hapo sikubaliani nawe. Mita si ipo? Funga koki zote, tazama kile kigurudumu kidogo. Kikizunguka, panavuja. Kwisha habari.

FundiKoki: Haijesha, dada. Nyumba yenye simtanki, mita inasoma maji yanayoingia tangini tu. Yakishapita hapo haijui kitu, na mabomba ya ukutani yanalishwa na tangi. Jaza tangi, funga njia ya kuingilia, piga alama maji yalipofika, watu wasitumie mpaka asubuhi. Yakishuka, yanavuja ukutani au chooni. Cha choo ni rahisi: tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo, kaa nusu saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, raba imechoka. Raba si hoja, ukuta ndio hoja.

Bin_Ngamiani: Mmeshikilia maji safi, wakati maji taka ndiyo yanayotia watu hasara. Funiko la chemba lifunguliwe, mtu amwage ndoo chooni, wewe usimame pale chembani. Yafike na yapite. Yakituama, mteremko mbovu, na hapo ni kuvunja sakafu. Chumbageni uliza shimo la maji taka liko wapi hasa! Wapo waliojenga banda la kuku juu yake, gari la kunyonya halifiki. Kukiwa na kisima, shimo likae mbali nacho, mita 30 ndizo zinazoshauriwa mara nyingi. Na maji ya kisima yaonje. Yenye chumvi yanakula koki na hita.

Mwambao77: Hilo la shimo sikuliwaza kabisa. Simtanki la Kange lipo kwenye kijukwaa kifupi, ina shida?

MamaPongwe: Mwanangu, kila mita moja ya kimo inakupa presha ya bar 0.1 tu. Maji yakiwa mita 3 juu ya shawa, bar 0.3, na hita nyingi za umeme za kuogea zinasumbua kwa presha hiyo. Utanunua pampu, basi itoe kwenye bei. Tena omba ankara ya maji ya mwisho ya Tanga UWASA, uone jina la nani na kama kuna deni.

FundiKoki: Mimi Chumbageni, wakikupunguzia gharama ya mabomba. Kange tu kama tangi litalala limefungwa usiku mmoja.

Mwambao77: Nimempigia dalali. Chumbageni chemba itafunguliwa Jumamosi. Kange anasema kulifunga tangi usiku haiwezekani, mwenye nyumba kasafiri na ufunguo.

BintiSahare: Simtanki nalo siku hizi lina ufunguo?