Mchezaji ahukumiwe kwa matusi aliyoandika mtandaoni akiwa kijana?

KochaNgamiani

Wadau, salaam. Naomba ushauri wa dhati, na leo naomba wenye kejeli wapite kando.

Nafundisha timu ya vijana chini ya miaka 20 hapa Tanga. Nina winga wa kushoto, ana miaka 19, klabu moja ya Ligi Kuu imekuwa ikimfuatilia na mazungumzo ya usajili yalishafika pazuri. Hapa mkoani jina lake limeshakuwa kubwa, watoto wa mtaani wanachora namba yake migongoni kwa chaki. Wiki iliyopita mtu asiyejulikana akamwaga skrinshoti kwenye magrupu ya WhatsApp. Ni posti za Facebook alizoandika akiwa kidato cha pili, ana miaka 15 hivi, akimtukana mwanafunzi mwenzake mwenye ualbino. Sitayarudia hapa. Nimeyasoma yote na nasema si utani wa darasani. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya ushirikina, maneno yale ni mazito.

Klabu imenyamaza. Wakala anataka kijana arekodi video ya dakika moja ya kuomba radhi, aiweke Instagram, mambo yaishe. Baba yake anasema alikuwa mtoto, tusimkatie riziki. Kocha mwenzangu alinikumbusha habari ya Andre Gray. Agosti 20, 2016, kwenye Ligi Kuu ya Uingereza, alifunga bao Burnley walipoifunga Liverpool 2-0, na muda si muda zikafukuliwa twiti zake za mwaka 2012 dhidi ya mashoga, alizoandika akiwa na miaka 20, bado anacheza ligi za chini. FA, chama cha soka cha Uingereza, wakamfungia mechi nne na faini ya pauni 25,000. Mwaka uliofuata Watford wakamnunua kwa pesa nyingi na maisha yakaendelea.

Swali langu ni hili. Mtu aliyekuja kuwa na jina, ahukumiwe kwa maneno ya ujanani? Na kama ni ndiyo, anayemhukumu ni nani?

MdauKirumba

Pole sana mkuu. Mimi naanza na huyo aliyefukua. Miaka yote minne alikuwa wapi? Alizitunza hizo skrinshoti akasubiri harufu ya usajili ndipo azimwage. Angekuwa anamhurumia yule mwanafunzi angepeleka shauri kwa mwalimu mkuu siku ile ile. Mwache dogo acheze. Kila mwenye simu akiwa na miaka 15 ameandika upuuzi, tofauti ni kwamba wa kwetu hauna anayeutafuta.

Bi Mwalimu wa Kibokoni

Kocha mwanangu, salaam kutoka Mombasa. Nimefundisha sekondari mpaka nikastaafu, na jioni bado nafundisha madrasa. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kriketi, Jumapili ilikuwa lazima aende Mombasa Sports Club, nami nikaupenda mchezo kupitia kwake. Kwa hiyo mfano wangu utatoka huko, kwa sababu katika mambo haya sijaona mwaka uliofundisha kama 2021 kwa kriketi ya Uingereza.

Juni 2 mwaka huo Ollie Robinson, mrusha mpira, alicheza mechi yake ya kwanza ya Test, yaani ile ndefu ya siku tano kati ya mataifa, kwa Uingereza, uwanja wa Lord's, dhidi ya New Zealand. Asubuhi timu nzima ilijipanga imevaa fulana za kupinga ubaguzi. Kabla jua halijatua zilikuwa zimeshaenea twiti zake za miaka ya 2012 hadi 2014, alizoandika akiwa na miaka 18 mpaka 20. Aliwafungamanisha Waislamu na ugaidi, akawadhalilisha wanawake na watu wenye asili ya Asia. Mimi ni Muislamu na ni mwanamke, kwa hiyo yalinipata pande zote mbili, na nazungumza kama niliyetukanwa.

Akaomba radhi jioni ile ile mbele ya kamera. Mechi akaimaliza na wiketi saba, yaani aliwatoa wapigaji saba. Bodi ya kriketi ikamsimamisha, akaikosa Test ya pili. Hapo akatokea waziri wa utamaduni, Oliver Dowden, akasema bodi imepita kiasi, na waziri mkuu Boris Johnson akamuunga mkono. Hilo liliniuma kuliko twiti zenyewe. Waheshimiwa wale walikuwa wakisamehe deni lisilo lao. Hakuna aliyemwita Dowden gaidi. Ukisikia mtu anasema "ni mambo ya ujana, yaacheni", mwangalie kwanza: tusi lile lilimlenga yeye?

Sasa kuhusu umri. Katika fiqhi yetu, sheria ya Kiislamu, kalamu imeinuliwa kwa mtoto mpaka abaleghe. Kabla ya hapo haandikiwi dhambi. Akishabaleghe anaandikiwa, na sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, tunasema asiyeonyesha dalili mapema basi akitimiza miaka 15 ya mwezi mwandamo ameshafika. Robinson wa miaka 18 si mtoto, hata mama yake akimuona hivyo. Wazungu nao wana mpaka wao. Mwezi ule ule Wisden, watu wa habari za kriketi, waliipata twiti ya kibaguzi ya mchezaji mwingine wa Uingereza, wakaieleza ilivyo lakini jina lake wakalificha, kwa sababu aliiandika hajatimiza miaka 16. Nimewaheshimu kwa hilo. Walikataa kufunika tusi, na vilevile walikataa kumuanika mtoto.

Ndugu yetu wa Kirumba amegusa jambo la kweli kuhusu mfukuaji. Fungueni Suratul Hujurat. Aya ya 11 inakataza watu kuwadharau watu wengine na kuitana kwa majina mabaya. Aya ya 12, inayofuata papo hapo, inakataza kupelelezana na kusengenyana. Ya kwanza inamshika aliyetukana, ya pili inamshika aliyelala juu ya simu akichimba aibu za wenzake. Lakini kosa la wa pili halifuti la wa kwanza, na hapo ndipo ninapoachana na ndugu yangu. Mwizi akimshtaki mwizi, mali bado ina mwenyewe.

Toba ina masharti. Uache lile kosa, ujute, uazimie kutolirudia. Hayo ni baina yako na Mola. Kosa likiwa limemgusa mja, linaongezeka la nne: umrudishie haki yake au umuombe akusamehe. Hili la nne ndilo linalokimbiwa na watu mashuhuri. Wanaomba radhi kwa mashabiki, kwa wadhamini, kwa yeyote aliyehuzunika. Waliotajwa kwenye lile tusi hawafikiwi.

Nimemuona mmoja aliyekwenda. Azeem Rafiq, mzaliwa wa Karachi, Muislamu, aliyechezea klabu ya kriketi ya Yorkshire, Uingereza. Novemba 16, 2021 alikaa mbele ya kamati ya bunge la Uingereza akaeleza ubaguzi aliotendewa, pamoja na kumiminiwa divai kooni akiwa na miaka 15 kwenye klabu yake ya mtaani. Nililia naye. Siku mbili tu baadaye gazeti likatoa ujumbe wake wa Facebook wa mwaka 2011, akiwadhihaki Wayahudi. Waliompinga walifurahi mno. Angeweza kusema amewekewa mtego, au kwamba yeye ndiye mdhulumiwa. Akasema ni maneno yake na anaona aibu. Kisha akaenda akakaa na mzee Myahudi aliyenusurika na mauaji ya Wanazi, akamsikiliza, na mwaka uliofuata akasafiri mpaka Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi. Hata tume ya nidhamu ya kriketi ilipokuja kumkaripia kwa maandishi yale mwaka 2022, ilimkuta ameshapita mlango wa wenyewe.

Kwa hiyo video ya dakika moja, mwanangu, usiiruhusu. Kijana wako ana mdai mmoja, na mdai huyo ana nyumba. Aanzie huko.

DadaWaSinza

Bi Mwalimu shikamoo. Nimekusoma kwa heshima, ila mimi ni mwandishi wa habari na kuna pawili nakataa.

La kwanza, posti ya hadharani haina upelelezi. Umeiandika mwenyewe mbele ya dunia, anayeisoma hajachungulia dirishani. Tukianza kumlaumu kila anayefukua, wakubwa watajificha nyuma ya aya hiyo. Halafu "ujana" umekuwa koti la kila mtu. Kevin Hart, mchekeshaji wa Marekani, alipotakiwa kuongoza tuzo za Oscar Desemba 2018 zilitolewa twiti zake dhidi ya mashoga za miaka ya 2009 mpaka 2011. Wakati ule alikuwa na miaka thelathini na watoto nyumbani! Mwanzoni aligoma kuomba radhi, akajiondoa na radhi akaitoa wakati anaondoka. James Gunn, mkurugenzi wa filamu aliyefukuzwa na Disney mwaka huo huo na kurudishwa Machi 2019, aliandika twiti zake za utani mchafu akiwa na miaka arobaini na kitu. Ujana gani huo?

La pili ni gumu zaidi kwangu. Alexi McCammond, mwandishi mwenzangu wa Marekani, aliandika twiti za dharau kwa watu wa asili ya Asia mwaka 2011 akiwa na miaka 17. Akaomba radhi 2019. Machi 2021 akateuliwa mhariri mkuu wa jarida la Teen Vogue, zikaibuliwa upya, akaomba radhi tena, na bado akaachia kazi kabla hajaianza. Huyu alifanya toba mara mbili. Sasa mtu maarufu aombe mara ngapi?

KochaNgamiani

Shikamoo Bi Mwalimu. Asante pia dada. Nimeongea na kijana jana usiku, hakubisha, alikaa kimya muda mrefu. Yule mwanafunzi naye ni kijana mkubwa sasa, anaishi na mama yake Muheza. Ninachoogopa ni kumwendea na kumfungulia kidonda ambacho labda kilishapona. Na je, wakisema hatusamehi? Usajili unasubiri jibu ndani ya siku chache.

Bi Mwalimu wa Kibokoni

Marahaba wanangu.

Dada wa Sinza, la kwanza nakukubalia nusu. Aliyetukana hadharani hana haki ya kulalamika kwamba amesomwa. Lakini niangalie nia ya aliyemwaga skrinshoti za Tanga: alizirusha na jina la mtoto wa watu aliyetukanwa likiwa ndani, bila hata kumuuliza. Amemtukanisha mara ya pili. Mwandishi mwenye adabu angelifuta lile jina kwanza, na nina hakika wewe ungelifuta.

McCammond nilimhurumia na bado namhurumia. Ila tazama siku zenyewe. Machi 16 mtu mwenye bunduki aliua watu wanane eneo la Atlanta, Marekani, sita kati yao wanawake wa asili ya Asia. Siku mbili baadaye ndipo yeye akaondoka. Wafanyakazi wa jarida lile walioandika barua ya kumpinga, yale maneno ya 2011 waliyasoma wakiwa kwenye msiba. Msamaha hauna saa ya kuulazimisha. Mtu anaweza kutubu kweli na bado akakosa cheo fulani kwa wakati fulani, kwa sababu cheo si haki yake kama ilivyo chakula. Kama angezuiwa kuandika maisha yake yote, hapo ningesema amedhulumiwa. Lakini ameendelea na uandishi wake. Robinson vilevile: alifungiwa mechi nane, tano kati yake zikiwa za kuahirishwa kwa miaka miwili, akatozwa pauni 3,200, na Agosti ile ile alirudi kuichezea Uingereza dhidi ya India, akawa mchezaji bora wa mechi uwanja wa Headingley. Adhabu ikiwa na mwisho unaojulikana mtu anaweza kuibeba. Isiyo na mwisho naiogopa, na mtandao hauna anayetangaza kwamba sasa yatosha.

Kocha, sasa yako. Usimpeleke kijana mlangoni ghafla. Tafuta mtu mzima anayeijua familia ile, aende peke yake amuulize mama, na mama amuulize mwanawe: je, mnataka kumsikia? Wakisema hapana, basi ni hapana, na msirudi na shekhe wala mwenyekiti wa mtaa kuwabembeleza. Wanachuoni wetu wana la kusema hapo: kama kumwendea uliyemkosea kutamzidishia machungu, muombee dua, na mtaje kwa wema pale pale ulipomtaja kwa ubaya. Kijana wako ana hadhira ya watoto wanaochora namba yake. Ana pa kusemea. Aseme wazi kwamba alichoandika kilikuwa kibaya, bila kulitaja jina la yule mwenzake, na bila neno "kama kuna aliyekwazika".

Wakikubali, aende na baba yake. Ndiyo, baba huyo huyo anayesema alikuwa mtoto. Kama alikuwa mtoto basi alikuwa na mlezi, na mlezi ana fungu lake katika radhi hiyo. Simu zibaki garini, picha isipigwe hata moja. Akae, asikilize mpaka mwisho, asijitetee. Asibebe zawadi ya kununulia ukimya. Wakitaka posti zifutwe, zifutwe. Wakitaka zibaki na radhi iandikwe chini yake, ifanywe hivyo.

Na usajili usiufanye kuwa saa ya safari ya Muheza. Ukienda kwa kukimbizana na dirisha la usajili, yule mama atakujua ukiwa bado unavua viatu. Tuma mtu leo, jibu lije linapokuja. Klabu nayo wapigie kesho asubuhi, uwapelekee zile skrinshoti wewe mwenyewe, jina la yule kijana likiwa limefutwa, uwaambie mnachofanya na kwamba hamjui kitachukua muda gani. Wakiamua kungoja, vizuri. Wasipongoja, ana miaka 19 na mguu wa kushoto.