Naomba ushauri: kutoa nyimbo kwenye CD za taarabu kwa kompyuta ya zamani

Habari zenu wakuu. Marehemu baba ameniachia CD 12 za taarabu, nataka kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Mashine yangu ni ya Windows XP, RAM MB 512. Mwanzoni nilikopi faili za .cda, nikapata vitu vya KB 1 visivyo na sauti; kumbe ni alama tu ya wimbo unapoanzia. Sasa natumia Exact Audio Copy (programu ya kunakili nyimbo kutoka CD), na CD 11 zimetoka safi kabisa. Iliyobaki ina mikwaruzo: wimbo wa 7 unasomwa na kurudiwa saa nzima, hausogei. Ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Je, nipunguze kasi ya kusoma, au nitafute drive nyingine? Na kuhifadhi, FLAC (faili la sauti lililobanwa bila kupoteza ubora) inatosha? WAV, yaani sauti isiyobanwa, inakula karibu MB 10 kwa dakika, na diski yangu ni GB 40 tu.