Wasiwasi unaweza kuniletea ugonjwa wa moyo kweli? Naombeni ushauri

FundiWaNgamiani: Wakuu habari, wakubwa shikamooni. Nina miaka 41, fundi cherehani hapa Tanga. Marehemu baba aliondoka kwa moyo akiwa na miaka 52, na tangu nivuke 40 hesabu hiyo hainitoki. Kibaya zaidi ni Alhamisi, maana Ijumaa nina rejesho la mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa. Nikilalia ubavu wa kushoto nasikia moyo sikioni kama cherehani ya miguu, vidole vinakufa ganzi, pumzi inakata. Nilinunua mashine ya presha. Alhamisi iliyopita nilijipima mara 11: nilianza na 134/86, nikaishia 158/97. Mume wangu anasema ni mawazo tu. Zahanati nako nikaambiwa nipunguze mawazo, utadhani ni chumvi. Sasa ni wasiwasi unaoharibu moyo, au moyo ndio unaniletea wasiwasi?

MzeeKahawaChungu: Pole mwanangu. Hiyo ya usiku usiku siyo ya hospitali. Tafuta kisomo.

NesiMstaafu: Mzee wangu, kisomo asomewe, lakini ECG kwanza, kile kipimo cha umeme wa moyo.

Mdogo wangu, yote mawili yanawezekana, ndiyo maana hatukisii. Ukiingiwa na hofu mwili unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, presha inapanda. Mara moja moja si neno. Ikiwa ndiyo maisha yako miaka nenda miaka rudi, usingizi huna, mazoezi huna, hapo moyo unaumia. Utafiti wa INTERHEART wa mwaka 2004, nchi 52, uliweka msongo wa mawazo kwenye fungu moja na sigara, presha na kisukari kama vihatarishi vya shambulio la moyo. Ila kuwa na kihatarishi siyo kuwa mgonjwa.

Hiyo ganzi mara nyingi ni kuhema harakaharaka. Na hizo mara 11 zinakutisha, ukitishika inapanda, unapima tena! Kaa dakika 5, egemea, miguu chini, pima mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, andika, basi.

Nenda hospitali ya Bombo hapo Tanga. Waambie baba alifariki kabla ya miaka 55, usilifiche hilo. Omba ECG, sukari, wingi wa damu na tezi ya shingo, maana damu ikipungua au tezi ikizidi kasi moyo nao hukimbia. Kifua kikibana, maumivu yakashuka mkononi au kupanda tayani, jasho la baridi likakutoka, usifungue uzi hapa jukwaani. Panda bajaji usiku huohuo.

BodaWaChuda: Mimi ilikuwa makopo manne ya vinywaji vya nguvu kwa siku. Niliacha, ikapungua.

MamaSwaumu: Samahani dada, mumeo anajua habari ya hilo rejesho?

BodaWaChuda: Kimya kimetanda 😂

FundiWaNgamiani: Wakuu, narudi baada ya wiki mbili. ECG safi. Damu ndiyo iko chini, 9.1, nimepewa vidonge vya madini ya chuma. Presha asubuhi inacheza kwenye 128. Daktari amesema wasiwasi nao ni ugonjwa wa kutibiwa, nirudi tuzungumze.

@MamaSwaumu alikuwa hajui. Nilimwambia Jumatano, akanyamaza mpaka chai ikapoa, halafu akauliza zimebaki ngapi. Alhamisi moyo ulikimbia kama kawaida yake, ila saa nane usiku usingizi ulinichukua. Mashine ya presha mume wangu ameificha kabati la vyombo, nyuma ya sufuria la pilau. Najua ilipo, lakini sijaigusa.