Mjadala: Kununua silaha kwa kila muuzaji kunazilinda au kunazidhoofisha nchi za Asia ya Kusini-Mashariki?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Mada hii imenikaa moyoni tangu Aprili 2021, ilipozama nyambizi ya Indonesia, KRI Nanggala 402, kaskazini mwa kisiwa cha Bali, ikiwa na watu 53. Hakupona hata mmoja. Ilijengwa Ujerumani ikaanza kazi 1981, ikafanyiwa ukarabati mkubwa Korea Kusini uliokamilika 2012, na siku ile ilikuwa kwenye zoezi la kurusha topido. Mabaki yake yalikutwa kwenye kina cha zaidi ya mita 800, yamekatika vipande vitatu.

Sisemi ubovu ndio ulioizamisha. Maafisa wa jeshi la majini walizungumzia uwezekano wa wimbi kubwa la chini ya maji, na sina cha kuwabishia. Kinachoniuma ni kilichofuata. Nchi yenye visiwa zaidi ya elfu 17, iliyoanza kumiliki nyambizi tangu enzi za rais wake wa kwanza, Sukarno, haikuwa na meli yake ya kuwaokoa mabaharia wanaokwama ndani ya nyambizi. Singapore ikaleta yake, Swift Rescue. Malaysia ikaleta Mega Bakti. Na wakati meli hizo ziko njiani, hewa ya akiba ndani ya Nanggala ilikuwa imekadiriwa kutosha saa 72 tu. Kabla mwaka haujapita, Februari 2022, serikali hiyo hiyo ikatangaza mpango wa kununua ndege 42 aina ya Rafale kutoka Ufaransa, kwa takriban dola bilioni 8.1.

Hoja yangu ni kwamba nchi nyingi za ukanda ule zinanunua vyombo ambavyo hazimudu kuvitunza, na sababu mojawapo kubwa ni kununua kwa kila mtu. Tazama jeshi la anga la Indonesia: F-16 za Marekani, Sukhoi za Urusi, Hawk za Uingereza, T-50 za Korea Kusini, Super Tucano za Brazil. Halafu Rafale, na mwaka 2025 ukasainiwa mkataba wa ndege 48 za KAAN za Uturuki, ambazo zenyewe bado zinaundwa. Kila aina inataka fundi wake, rubani aliyefundishwa kivyake, ghala lake la vipuri, na kombora lake. Ukiwa na aina saba za ndege una majeshi saba madogo ya anga, kila moja linalia njaa upande wake.

Malaysia nayo iliwahi kufika pabaya zaidi. Julai 2018 waziri wa ulinzi mpya, Mohamad Sabu, alisimama bungeni akasema kati ya ndege 28 zilizonunuliwa Urusi (Sukhoi 18 na MiG 10), zinazoweza kuruka ni 4. Nne! Tatizo, alieleza, ni matengenezo.

Thailand ndiyo inayonitoa machozi. Mwaka 2017 walisaini kununua nyambizi ya China kwa baht bilioni 13.5. Ndani ya mkataba imeandikwa injini ya Kijerumani, lakini tangu 1989 Umoja wa Ulaya una vikwazo vya silaha dhidi ya China, kwa hiyo Ujerumani ikakataa injini yake kufungwa kwenye nyambizi ya kivita ya Wachina. Jambo la kujulikana kabla ya kushika kalamu! Wakavutana miaka, mpaka Agosti 2025 baraza la mawaziri likaridhia injini ya Kichina. Katikati ya mvutano huo, tarehe 18 Desemba 2022, manowari yao HTMS Sukhothai ikazama kwenye Ghuba ya Thailand wakati wa dhoruba, na watu 105 ndani. Ishirini na tisa walikufa au hawakuonekana tena. Mkuu wa jeshi la majini alikiri kwamba majaketi ya kujiokolea hayakutosha, kwa sababu walikuwemo askari wa ziada wapatao 30. Jeshi linalotafuta mabilioni ya nyambizi liliwapeleka vijana baharini bila jaketi la kuelea.

Kwa hiyo naleta pendekezo tulijadili: bunge la nchi yoyote lisipitishe ununuzi wa chombo cha vita mpaka ndani ya mkataba uleule ziwemo fedha za vipuri, mafunzo na uokoaji za miaka isiyopungua kumi. Zikikosekana, chombo kisinunuliwe. Na aina za vyombo zipunguzwe. Karibuni.

Jibu la kwanza

Mkuu, umeandika kwa uchungu na nimeusoma, ila umeruka historia. Indonesia haikuamka siku moja ikapenda mseto. Ilifundishwa.

Mwaka 1991 wanajeshi wake walipowaua waombolezaji kwenye makaburi ya Santa Cruz, Dili, mji mkuu wa Timor Mashariki iliyokuwa chini ya Indonesia, Marekani ikaanza kubana ushirikiano wa kijeshi. Baada ya umwagaji damu wa 1999 Timor Mashariki ikafunga kabisa, na haikufungua mpaka mwishoni mwa 2005. Sitetei yaliyotendwa Timor, yalikuwa mauaji na wahusika walistahili hukumu. Naongelea matokeo yake. F-16 zikakaa chini kwa kukosa vipuri. Desemba 2004 tsunami ikaipiga Aceh, jimbo la Indonesia, watu zaidi ya laki moja wakafa, walionusurika wanangoja maji na dawa, na nyingi ya ndege za mizigo za Hercules za jeshi la Indonesia zilikuwa haziruki. Vipuri vimezuiwa Marekani. Ilibidi Washington ilegeze masharti Januari 2005, maiti zikiwa bado zinaokotwa.

Sasa mwambie jenerala aliyekuwepo Aceh kwamba anunue kwa muuzaji mmoja kwa sababu ni nafuu kutunza. Atakutazama tu. Ndiyo maana mwaka 2003, chini ya rais Megawati, walikwenda Urusi kuchukua Sukhoi na sehemu ya malipo ikawa mafuta ya mawese. Mrusi hakuuliza habari za Timor.

Ufilipino nao wana kovu lao. Mwaka 2016 seneta mmoja wa Marekani alizuia bunduki elfu 26 za polisi wao kwa sababu ya mauaji ya vita vya rais wao Duterte dhidi ya dawa za kulevya. Mwaka 2018 Kanada ikaanza kuchunguza upya uuzaji wa helikopta 16, Duterte akakasirika na kuuvunja mkataba. Unaweza kusema walistahili kuzuiwa, na pengine nitakubali. Lakini kwa anayepanga ulinzi wa nchi, funzo ni moja: anayekuuzia silaha anabaki na ufunguo mfukoni. Gharama ya kutunza aina saba ni bima. Bima inauma kila mwaka mpaka siku unayoihitaji.

Jibu la pili

Wote wawili mnazungukazunguka. Nchi inaweza kuwa na muuzaji mmoja na bado ikaibiwa mchana kweupe.

Malaysia walitaka manowari sita za kisasa zijengwe nyumbani, Lumut, jimbo la Perak. Mkataba ringgit bilioni 9, meli ya kwanza ilitakiwa kukabidhiwa 2019. Agosti 2022 Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali ikatoa ripoti: zimeshalipwa ringgit bilioni 6.08, meli iliyokabidhiwa ni sifuri. Na wanamaji wenyewe walikuwa wamechagua muundo wa Kiholanzi, ukaletwa wa Kifaransa juu ya vichwa vyao. Mkuu wa wanamaji wa wakati ule aliandika barua za kulalamika ngazi za juu, hazikumsaidia. Mwaka 2023 serikali ikapunguza meli kuwa tano na kupandisha bei kuwa ringgit bilioni 11.22. Meli chache, pesa nyingi zaidi.

Hapo tatizo si Mfaransa wala Mholanzi. Mtumiaji hakusikilizwa, na mkataba ulitolewa bila zabuni ya ushindani. Sisi Watanzania tunaijua harufu hii. Rada ya kampuni ya Uingereza BAE ya 2001, pauni milioni 28, waziri wa maendeleo wa Uingereza Clare Short aliipinga waziwazi na bado ikanunuliwa. Baadaye kampuni ikakiri kosa la kutotunza hesabu vizuri, na pauni milioni 29.5 zikarudi kununua vitabu vya shule. Mleta mada, pendekezo lako la miaka kumi ya vipuri ni zuri, lakini kwa mafisadi ni keki kubwa zaidi. Fungua zabuni kwanza.

Jibu la tatu

Vietnam je? Mbona hamuitaji? Walikwenda Urusi 2009 wakanunua nyambizi sita za aina ya Kilo kwa pamoja, takriban dola bilioni 2, na ndani ya makubaliano kukawa na mafunzo ya mabaharia. Zikafika kati ya 2014 na 2017 na kambi yake ni Cam Ranh. Aina moja, shule moja, karakana moja. Hicho ndicho mleta mada anachokitaka. Ila tangu 2022 viwanda vya Urusi vinahudumia vita vya Ukraine kwanza, na Desemba 2022 Hanoi ikaandaa maonyesho yake ya kwanza ya kimataifa ya silaha, ikawakaribisha wauzaji wa kila upande. Hata mwanafunzi bora wa muuzaji mmoja ameanza kubisha hodi milango mingine.

Mleta mada

Nashukuru kwa michango, na niseme wazi habari ya Hercules na Aceh imenigusa. Nilikuwa nimeiweka hesabu ya vipuri mbele ya hesabu ya siasa. Nakubali kwamba kutegemea muuzaji mmoja ni hatari ya kweli. Mfano wa Vietnam nao unanipunguzia makali.

Lakini ndugu wa kwanza, tuipime hiyo bima yako. Mwaka 2018 Indonesia ilisaini kununua Sukhoi 11 mpya, Su-35, dola bilioni 1.14, nusu ikilipwa kwa mazao kama ulivyoeleza. Hazikufika. Sheria ya Marekani ya kuwaadhibu wanaonunua kwa Urusi iliwabana mpaka wakaacha, wakaelekea kwenye Rafale. Ufilipino waliagiza helikopta 16 za Mi-17 kutoka Urusi, wakatoa malipo ya awali, vita vya Ukraine vikaanza 2022 na wakajitoa kwa kuogopa adhabu hiyo hiyo. Sasa bima gani hii ambayo yule unayejikinga naye ndiye anayeifuta? Wauzaji saba hawajakupa uhuru ikiwa mmoja kati yao anaweza kuwafungia njia wengine. Umebaki na gharama za mseto, na ufunguo bado uko mfuko uleule.

Uhuru ninaouona una sura nyingine, na umeshaanza hukohuko Indonesia. Kiwanda cha PAL pale Surabaya kilijifunza kwa Wakorea kujenga meli za kubebea askari na mizigo, kisha kikawajengea Ufilipino mbili, zikakabidhiwa 2016 na 2017. Mwaka 2022 Ufilipino wakarudi kuagiza mbili nyingine. Mteja amerudi! Si meli za kutisha, hazina makombora ya kupigwa picha, lakini zinapeleka chakula visiwani kukipigwa kimbunga, na fundi wa kuzitengeneza anaishi mtaa wa pili. Linganisha na ndege ya KF-21 waliyoingia ubia na Korea Kusini: wakachelewesha michango miaka nenda rudi, mpaka sehemu yao ikashushwa kutoka won trilioni 1.6 hadi bilioni 600, na teknolojia watakayopata ikashuka nayo. Pale walipoanza na kitu wanachokimudu wamefika. Pale walipotaka kuruka na tai wameishia kuomba kupunguziwa ada.

Ndugu wa pili, la zabuni nalikubali lote. Naongeza kwamba barua za yule mkuu wa wanamaji zingekuwa na nguvu kama sheria ingelazimisha maoni ya mtumiaji yasomwe bungeni kabla ya kusaini. Leo zinasomwa na kamati baada ya fedha kuondoka.

Kwa hiyo narekebisha pendekezo langu. Kila aina ya chombo iwe na vyanzo viwili, visizidi. Fedha za vipuri, mafunzo na uokoaji ziwe ndani ya mkataba, kwa zabuni ya wazi. Na kila mwaka waziri alieleze bunge kama alivyofanya Mohamad Sabu 2018: ndege ngapi zinaruka, manowari ngapi zinaweza kung'oa nanga leo, majaketi mangapi yamo ndani kwa watu wangapi.

Ndugu wa kwanza, nakurudia wewe. Utasema hesabu hiyo ni siri na adui ataisikia. Jirani mwenye rada anajua ndege zako ngapi zinaruka, kwa sababu anaziona zikipaa au anaona hazipai. Asiyejua ni mama wa baharia aliyepanda Sukhothai. Unaweza kunipa sababu moja ya kumficha?